Mkono Uliopima Jiwe

Siku ya tatu nilimkuta Mzee Ndevu amejibana pembeni kabisa mwa kasha lake la kioo, mbali na taa, mdomo wazi, na ndevu zake za miiba zimekuwa nyeusi tii. Panzi niliomwekea jana walikuwa bado wanarukaruka mle ndani. Nikagonga kioo. Hakufumbua hata jicho.

"Usinifanyie hivyo, mzee wangu," nikamwambia. Mtu mzima mimi, nambembeleza mjusi.

Lakini mjusi huyo alikuwa wa binti yangu wa miaka kumi na mmoja, aliyelazwa hospitali kwa sababu kidole tumbo kilimpasukia. Alikataa katakata kuingia chumba cha upasuaji mpaka nimpe ahadi. "Baba, jiwe lake la kuotea joto ulipime kila asubuhi. Digrii arobaini. Akifa sitakusamehe." Nikaapa. Mama yake akabaki naye wodini, mimi nikarudi nyumbani kulea.

Siku hiyohiyo balbu ya kasha ikaungua. Nikaleta nyingine kutoka kazini, ile ya kwenye kabati la kuwekea mikate ya moto. Nikaifunga, nikasubiri, nikaweka kiganja juu ya jiwe. Vuguvugu tu. Kipimo kilichobandikwa kwenye kioo kilisema thelathini na tatu, nikaona hakuna hatari. Mimi naoka mikate mwaka wa ishirini na mbili sasa. Tanuri nalipima kwa mkono, na vijana wa kazini wakitoa vipimo vyao vya waya huwa nawacheka mpaka wanaona haya. Hata nyumbani, maji ya kuoga, uji wa mtoto, kila kitu huletwa kwanza kwenye mkono wangu. Mzoea punda hapandi farasi.

Sasa roho ilikuwa juu. Binti angeruhusiwa mchana huohuo. Nikampigia simu daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye sauti nzito.

"Umepima jiwe au umepima hewa?" akauliza.

"Jiwe, daktari. Kwa mkono."

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Naoka mikate."

"Trei za moto unazishika kwa kitambaa?"

"Zile za juu tu. Nyingine nabeba hivihivi."

"Basi huo si mkono, baba yangu, hiyo ni soli ya kiatu. Tafuta kipimo, kilaze juu ya jiwe lenyewe, pale anapolalia. Fanya haraka!"

Nilikimbia kazini na ndala zangu. Vijana walipoona naomba kipimo cha waya walitaka kuanza utani, wakaniangalia usoni, wakaacha. Nikarudi nikihema, nikakilaza juu ya jiwe. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama kwenye hamsini na nane.

Nilikuwa namkaanga. Siku tatu nzima, huku najisifu.

Nikaweka tofali chini ya kila mguu wa stendi ya taa ili iende juu, nikasubiri nusu saa huku natazama mbavu za mjusi, kama zinapanda, kama zinashuka. Hamsini na moja. Nikaongeza tofali la pili. Arobaini na sita. Tofali la tatu nililidondosha kwenye kidole cha mguu, wala sikulia, nikaliokota nikaliweka. Ndipo kipimo kikasoma arobaini na moja, kikatulia hapo.

Baada ya muda mrefu Mzee Ndevu akafunga mdomo. Akajikokota mpaka ukingoni mwa jiwe, akalaza kidevu. Tumboni alikuwa na alama nyekundu ndogo kama harage, lakini alikuwa hai. Nikacheka peke yangu, nikajifuta jasho usoni kwa kile kiganja.

Hapo ndipo nikakumbuka. Wiki iliyopita binti alilalamika tumbo siku mbili. Mama yake alisema nimguse, nikamgusa paji kwa mkono huuhuu. "Huna homa wewe, unakwepa mtihani tu." Siku ya pili nikamgusa tena, nikasema hivyohivyo. Nikakaa sakafuni kando ya kasha.

Nilipoweza kusimama nilikwenda duka la dawa.

Walifika saa tisa na nusu. Binti alikwenda moja kwa moja kwenye kasha, ameshika ubavu, akasoma kipimo cha waya. "Arobaini na moja! Umeweza, baba." Kisha akajikunyata. "Nasikia baridi."

"Uchovu wa njiani huo," mama yake akasema, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Hebu mguse."

Nikamgusa. Mkono ukaniambia hana kitu, paji limepoa, mtoto mzima kabisa.

Nikatoa kipimo kipya mfukoni, nikamwekea kwapani.

"Tangu lini wewe na vipimo?" mama yake akacheka, huku anainama kuvua viatu.

Kikatoa mlio. Thelathini na tisa nukta mbili.

"Usivue," nikamwambia. "Tunarudi hospitali."