Rangi Iliyotulia

Mama Pacha alikuwa akiwauzia watoto keki langoni pa shule, Bwana Afya alipofika na kutangaza kwamba vibali vinatolewa upya. Keki atauza mmoja tu. Wa pili ajue pa kwenda.

Wauzaji walikuwa wawili, yeye na jirani yake Bashasha. Keki za Bashasha ziling'aa utadhani zimewashwa taa. Za Mama Pacha zilikuwa na njano iliyopoa, maana alitia manjano ya mizizi, anayoichemsha, kuianika na kuitwanga mwenyewe, na siku hizi ilivyopanda bei, huipima kwa ncha ya kijiko.

Bwana Afya akataka kuona usafi kwanza. Mama Pacha, kwa hamu ya kupendeza, akafuta sinia lake kwa kitambaa cha sabuni. Kitambaa kikawa chekundu.

"Nini hii, mama?"

"Manjano tu, baba. Ikikutana na sabuni hugeuka."

"Chakula gani kinageuka kama kinyonga? Unatulishia watoto rangi ya nguo."

Akamwaga povu kwenye sinia la Bashasha. Njano ikabaki njano ileile. Akasema hiyo ndiyo rangi iliyotulia, akampa Bashasha kibali. Bashasha akamtania mwenzake kwamba hata sabuni imemkana.

Mchana pacha wake wakarudi nyumbani na vidole vya njano. Wamenunua kwa Bashasha, wakasema, kwa sababu za mama zimefifia. Mama yao hakuwagombeza. Aliwashika mikono akaitazama, akataka kujua kama rangi hii nayo itageuka. Akawanawisha kwa sabuni. Vidole havikugeuka. Akasugua tena mpaka wakalalamika, na vidole viko vilevile. Sasa kama si manjano, wanangu wamekula nini?

Asubuhi akarudi langoni bila keki hata moja. Alikuwa na beseni, kipande cha sabuni na manjano kidogo kwenye karatasi. Bwana Afya akamuuliza kibali kiko wapi.

"Siuzi kitu, baba. Nawanawisha watoto."

Bwana Afya akatafuta kosa, asilione. Watoto wakajipanga wacheke. Mama Pacha alichovya kidole chake kwenye manjano, akakipaka povu, kikawa chekundu. Akashika cha mtoto aliyetoka kwa Bashasha, akakipaka vilevile. Mama wa yule mtoto akainama karibu.

"Mbona cha mwanangu hakigeuki?"

"Ndilo ninalouliza, mama mwenzangu. Shika sabuni, jaribu mwenyewe."