Nani Anaulisha Mtambaazi?

Nina mgeni nyumbani kwangu: nikimlisha ananuna, nikimnyima ananichekea. Ni nani huyo? Usiharakishe kujibu. Mimi mwenyewe niliishi naye miaka saba bila kumjua, na aliyenitegea alikuwa mama yangu.

Nilipoolewa kwa akina Nyawuza nilikuja na sanduku, mablanketi ya kuwatunza wakwe, na kijiti cha urefu wa kiganja nilichokifunga kwa kitambaa kibichi. Nilikikata kwenye mtambaazi wa mama, ule uliofunika ukuta wote wa nyumba yetu kule kwenye magenge ya mto Mzimvubu. Maua yake ya pinki yalining'inia kama tarumbeta ndogo, kila moja lina mistari myekundu kooni. Nikakipanda nyuma ya jiko, penye uzio. Loo, kilishika! Mwaka wa pili mtambaazi umefunika uzio, wa tatu umepanda tangi la maji ya mvua, wa nne umeanza kuingiza vidole dirishani. Kiangazi kijani, kipupwe kijani. Lakini ua? Hata moja.

Wifi yangu Nosisa hakuniacha nipumue. "MaCwera," aliniita, maana kwetu mke huitwa kwa ukoo wa baba yake, "hiyo kamba yako ya kuanikia nguo itachanua lini?"

"Siku utakayonyamaza, wifi."

"Basi imekwisha hiyo!"

Mwaka wa saba mto ukafurika, ukabomoa ukuta wa mama na kuondoka na mtambaazi wake, mizizi na yote. Na macho ya mama nayo yalikuwa yanafifia: la kushoto limeshazimika, la kulia lina ukungu. Kila alipotuma salamu swali lilikuwa moja: "Umechanua?" Alitaka kuyaona maua yale mara moja tu kabla giza halijafika. Mtambaazi uliobaki ulikuwa wangu, na wangu ulikuwa kamba.

Mwezi wa Juni akaja kututembelea, amejifunika shali mabegani kama inavyompasa mama mkwe. Nikampeleka nyuma ya jiko. Majani hakuyajali. Aliinama, akachota udongo, akaunusa.

"Unaulisha nini?"

"Maji tu, mama."

"Nomfusi." Aliponiita kwa jina la utotoni nikajua nimeshukiwa. "Hii ni samadi ya ng'ombe, tena ya juzi. Mmea uliozaliwa kwenye mawe ukiushibisha hivi unanenepa, unasahau kuchanua."

"Samadi ningeitoa wapi, mama? Mimi na zizi la wakwe zangu?"

Na ni kweli. Kwetu mke hakanyagi zizi la ukweni. Ng'ombe ni wa wazee, walio hai na waliolala chini. Hata kupita, nilipita kwa mbali.

Mama akacheka, akanitegea kile kitendawili cha mgeni. Kisha akasema, "Jibu la kwanza unalo, liko mbele yako. Sasa nitegulie la pili: nani anamlisha?"

Mimi jambo likinikaa kichwani, chakula hakipiti. Kuku? Kuku hawabebi samadi. Nosisa? Yeye ni binti wa boma hili, zizini anaingia, lakini Nosisa huyo hata kikombe chake huoshewa. Jioni nikachota majivu jikoni, nikayamwaga kuzunguka shina, nikayasawazisha kwa kifagio. Asubuhi mbili, hakuna kitu. Ya tatu, alama ya gambuti! Na soli ya kulia ina kiraka cha tairi la baiskeli. Kiraka hicho nilikijua. Mimi ndiye niliyelishika hilo buti lilipokuwa linatiwa gundi.

Mchana nikampakulia mume wangu kande, nikaketi.

"Baba Zoleka, nina kitendawili."

"Tega."

"Nyuma ya jiko anapita ng'ombe mwenye kiraka cha tairi mguuni."

Kijiko kikasimama njiani. "Ameiba nini huyo ng'ombe?"

"Hajaiba. Ameleta."

Akainamia bakuli. "Nilikuwa nakuona kila jioni umesimama pale, unautazama. Na zizini huingii. Nikasema, basi nitaingia mimi."

"Miaka saba hukuniambia?"

"Nikuambie, Nosisa asikie? Ndugu zangu wajue nabeba ndoo ya mavi kwa ajili ya maua ya mke? Wangenivalisha sketi!" Akakuna kichwa. "Na kila mmea ulipokosa kuchanua, nikazidi kuongeza."

Ng'ambo ya ukuta, mama alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Mwambie mkwe anoe panga," akaniita, maana kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake ana kwa ana.

Tukaukata hadi usawa wa goti. Mume wangu Nyawuza alikata huku amekunja uso, utadhani anachinja dume lake mwenyewe. Tukazoa ule udongo mweusi, tukaleta changarawe kwa toroli, mchana kweupe, kaka zake wakipiga miluzi. Mama akarudi kwao. Septemba machipukizi. Desemba majani. Januari, majani. Kaka yangu akaleta habari kwamba mama sasa anashika kuta akitembea, nami nikaanza kulijutia lile panga.

Wiki ya kwanza ya Februari nilisikia nyuki weusi wanene wakivuma dirishani. Sikungoja chai. Siku ileile Nyawuza alikodi gari kumfuata mama.

Nilimshika mkono hadi kwenye uzio. Alilivuta shada moja, akalibana kwenye jicho la kulia, karibu mno, kope zikafagia chavua.

"Mama, unaona?"

"Nyamaza, nahesabu mistari."

Nyawuza alikuwa amesimama pembeni ya tangi, ile ndoo yake mkononi, kwa adabu ameupa uso wake upande mwingine. Mama alishusha ua, pua yake imekuwa ya njano.

"Ni wenyewe," alisema. "Sasa mwambie mkwe aiweke chini hiyo ndoo."