Kijiti cha Masista

Kila asubuhi, kabla hajatamka neno, Madame Lydie alitaka kwanza kuona mikono ya Hidaya. Hidaya aliweka trei ya kahawa mezani, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama msafiri anayekaguliwa forodhani. Bibi kizee aliichungulia, akapapasa mifuko ya aproni, na aliporidhika kwamba hakuna kitu uso ukamfunguka, akaanza kupiga soga kwa Kiflamu mpaka kahawa ikapoa.

Lydie ndilo jina lililobandikwa mlangoni. Yeye mwenyewe alisema anaitwa Lieve, na kwamba huyo Lydie ni mwanamke fulani aliyeolewa na fundi saa wa Ixelles, mtaa wa wasema Kifaransa. Alikuwa na miaka themanini na minne. Kifaransa alichokivaa miaka sitini kila alipotoka nje kilikuwa kikimvuka kidogo kidogo, na chini yake ikabaki lugha aliyozaliwa nayo.

Katika nyumba ile ya wazee ya Koekelberg, inayotazamana na ubavu wa kanisa kubwa la Basilika, mfanyakazi aliyemwelewa alikuwa mmoja tu, naye ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Hidaya alipokuja kuomba hifadhi alipelekwa mji mdogo wa Waflamu, akakaa miaka miwili akimenya viazi na wanawake wasiojua lugha nyingine. Kiflamu chake kilikuwa cha jikoni: njaa, baridi, maumivu, na matusi mawili matatu. Kwa Lieve kilitosha na kubaki.

Habari ya mikono Lieve aliieleza mwenyewe, siku moja akichanwa nywele. Alisoma kwa masista hapa hapa mjini, na kwa masista Kiflamu kilikuwa lugha ya zizini. Mtoto aliyekutwa akikisema alipewa kijiti chenye kamba. Njia ya kukiondoa ilikuwa moja: umkamate mwenzako naye akikisema, umkabidhi. Aliyebaki nacho jioni alipiga magoti kwenye kokoto.

“Na wewe Mama Lieve ulibaki nacho mara ngapi?” Hidaya aliuliza.

“Mimi? Mara moja tu.” Bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika. “Nilikuwa mjanja. Nilikificha mkononi, nikamwendea Marieke, rafiki yangu, nikamwambia kwa Kiflamu, kwa upole kabisa: Marieke, nyumbani kwenu hamjambo? Akijibu tu, nampa. Kila mara alijibu, masikini. Magoti yake yalikuwa na makovu.”

Hidaya naye alicheka. Ni kichekesho, ukikitazama kwa mbali.

Asiyecheka alikuwa Mathilde, binti wa Lieve, mke wa wakili, mwanamke wa glavu na manukato ya bei. Alimkuta Hidaya akiongea Kiflamu na mama yake, akasimama mlangoni bila kusalimu, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa Sidonie, mkurugenzi. Robo saa baadaye Hidaya aliitwa.

“Madame Mathilde anasema mama yake hajawahi kusema Kiflamu maishani mwake,” Sidonie alisema. “Daktari naye anasema tumzoeshe Kifaransa, asije akakipoteza chote. Hidaya, hapa tunaongea Kifaransa. Mkataba wako wa muda unaisha mwezi huu. Napenda kukuandikia wa kudumu, Jumatatu ile ya mwisho. Usinifanye nione haya.”

Mkataba wa kudumu! Miaka sita Hidaya alikuwa akiishi kwa karatasi za miezi mitatu mitatu, moyo ukimwenda mbio kila postamani akipita. Na kwao, mwaka ule wa tisini na sita, kulikuwa na vita, mtu hakuwa na mahali pa kurudi. Alisema ndiyo, Madame, akaenda kusugua mabafu.

Wala sheria ile haikuwa ngeni kwake. Nyumbani Molenbeek alikuwa na yake. Mwalimu wa Nuru, mwanawe wa miaka tisa, alimwambia kwamba mtoto anachelewa darasani kwa sababu kichwa chake kimejaa lugha za nje. Tangu siku hiyo Kiswahili kilipigwa marufuku ndani ya ile ghorofa ya tatu. Hidaya hakuishia kukataza, alipima. Alfajiri, Nuru akiwa bado na usingizi, alimwinamia na kumnong’oneza: “Nuru, mutoto wangu, umelala muzuri?” Mtoto akijibu “nimelala muzuri, mama,” basi wiki nzima hakuna televisheni. Mwezi wa kwanza Nuru alikamatwa mara nne. Wa pili, mara moja. Kisha hakukamatwa tena, na Hidaya alijipongeza.

Ikafika Alhamisi. Mathilde alikuja kumtembelea mama yake, akaketi karibu na dirisha bila kuvua koti. Lieve hakugusa supu. Alikuwa amejikunja upande mmoja wa kitanda, jasho limemlowesha nywele, na Hidaya alipomsogelea kumfuta alimshika mkono.

“Binti, tumbo,” alisema kwa Kiflamu. “Tumbo linanikata. Hapa chini. Tangu jana.”

Hidaya alielewa kila neno. Aliinua macho, akakutana na macho ya Mathilde, na hapo akajua kwamba binti naye ameelewa. Mtoto hasahau lugha aliyobembelezewa. Lakini Mathilde aligeuka akatazama Basilika, akawa anangojea.

“Sema Kifaransa, Madame Lydie,” Hidaya alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya uchangamfu. “Tukuelewe.”

Lieve alimtazama. Alitazama uso, kisha mkono uliokuwa na kitambaa, akauachia taratibu.

“Sina kitu, sista,” alijibu, kwa Kifaransa kilichonyooka kama cha darasani. “Asante, sista.”

“Unaona?” Mathilde alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Akiombwa vizuri, anaweza.”

Mathilde alipoondoka, Hidaya alifunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda. Aibu ilimchoma masikio. “Mama Lieve,” alisema kwa Kiflamu, kwa upole wote aliokuwa nao, “ni mimi. Tuko peke yetu. Unaumwa wapi?”

Bibi kizee alitetemeka. Alikuwa anaumwa, mtu yeyote angeona. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi. Macho yake yalishuka kwenye mikono ya Hidaya. Hidaya aliifungua upesi, viganja juu, mitupu. Lieve akatazama mfuko wa aproni. Hidaya akaupindua nje ndani. Lieve hakuamini. Upole ule aliujua vizuri kuliko mtu yeyote, maana aliwahi kuutumia.

“Siumwi mahali popote, sista,” alisema kwa Kifaransa.

Hidaya alimwita nesi wa zamu, akamwambia bibi hali chakula. Nesi alimminya tumbo, akamuuliza kama linauma. Non, alijibu Lieve, meno yameumana. Nesi aligeuka. “Amekwambia lolote?”

Hapo palitosha neno moja. Hidaya alikuwa nalo mdomoni. Lakini kulisema ni kukiri kwamba alilisikia, tena mbele ya binti, akajifanya hakulielewa. Na kabla ya Jumatatu zilibaki siku nne.

“Hajasema kitu,” alijibu.

Lieve alikufa Jumamosi saa nane mchana. Daktari alisema utumbo ulikuwa umejisokota, jambo la kawaida kwa wazee, bahati mbaya tu hakulalamika. Kutwa nzima ya Ijumaa, Hidaya aliambiwa, alikuwa akiwashukuru wote kwa Kifaransa safi.

Jumatatu Hidaya alitia saini. Mathilde alikuwepo ofisini akikusanya vitu vya mama yake, akavua glavu moja ili ampe mkono. “Ameondoka kwa heshima yake,” alisema. “Sitasahau ulivyotusaidia.” Mkono ulikuwa laini, wa joto. Hidaya aliushika muda wote uliotakiwa.

Alipofika nyumbani alimkuta Nuru akifanya mazoezi ya hesabu. Juu ya meza ilikuwepo kaseti mpya. Hamza, jirani wa zamani wa Buyenzi, alikuwa anasafiri siku ya pili kurudi huko kupitia Kigoma, na mama yake Hidaya alituma salamu akiomba kitu kimoja tu: asikie sauti ya mjukuu. Simu za huko zilikuwa zimekatika, na bibi hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji.

Hidaya aliweka kaseti kwenye redio, akabonyeza kitufe chekundu.

“Nuru, mutoto wangu, kuya hapa,” alisema. “Bon, sema na bibi. Muambie uko muzima, unasoma. Sema na Kiswahili.”

Nuru aliinua kichwa. Hakusogea. Kaseti ilikuwa inazunguka.

“Kuya, mutoto wangu. Bibi anangoya.”

Mtoto alimtazama mama yake usoni, kisha akashusha macho polepole kwenye mikono yake. Hidaya aliyaona macho yakishuka. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alijikuta anainyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, mitupu.

“Si kupima, Nuru. Haki ya Mungu, leo si kupima.”

Nuru alifikiri. Akaja, akasimama wima mbele ya redio, mikono nyuma, mtoto mwenye adabu.

“Bonjour, grand-mère,” alimsalimu bibi yake kwa Kifaransa. “Je vais très bien.”

Akamgeukia mama yake kuona kama amefaulu.