Wimbo wa Saba

Haya alinisimulia Mukashema mwenyewe, mwezi wa pili mwaka 1992, tukichambua maharagwe uani kwake Biryogo, na kila alipofika kwenye habari za Kabera ilibidi aweke ungo chini acheke kwanza.

Mumewe, Sibomana, alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwa Mhindi muuza vitambaa kule Muhima, mpaka Mhindi huyo akafunga duka na kuhama. Kazi ikaisha, jina likabaki: mtaa mzima ulimwita Mhindi. Wimbo wa filamu ukipigwa, watu walimgeukia, naye akafumba macho na kufasiri. "Anasema moyo wake umenyeshewa mvua." "Anamwambia mama yake asilie." Mukashema peke yake ndiye aliyejua kwamba Kihindi cha mumewe kilikuwa kuhesabu mita na kusema kitambaa hakipunguzwi bei. Hakumwambia mtu. Kazi alishapoteza, na jina nalo anyang'anywe?

Basi Umutoni, binti wa jirani yao Eustache, akaposwa. Eustache akasema binti yake ataingia ukumbini kwa wimbo wa Kihindi, na Sibomana atasimama mbele ya wageni wote aufasiri. Sibomana akaapa kwamba hautakuwa wimbo hivi hivi tu. Yule mtunzi mkubwa wa Bombay, aliyewaliza watu wa Biryogo miaka kumi, alikuwa ametoa nyimbo za filamu mpya. Njia ya mpaka wa Gatuna ilikuwa imefungwa kwa vita, kwa hiyo kaseti zilitoka Bujumbura. Na wakati ule hukununua mpya: ulimpa msafiri kaseti yako ya zamani, akaenda kukunakilishia juu ya yale yaliyokuwemo. Sibomana alichukua moja kwenye boksi bila kuisikiliza ina nini.

Ilirudi Jumapili, siku sita kabla ya harusi. Baada ya chakula cha mchana ua ukajaa. Eustache alikuja na Umutoni. Kabera, fundi cherehani, alikuja na mdomo wake. Kabera ndiye aliyemshonea Sibomana shati la kusimama nalo mbele ya wageni, na alishasema wazi kwamba Mhindi akishindwa, yeye ana rumba ya Zaire tayari.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Ukaendelea kuanza. Vinanda vilijikokota, na ngoma ikawa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka kuingia.

"Iko mgonjwa?" Kabera akauliza.

"Mawe ya redio yamechoka," Sibomana akasema. Akatoa betri, akazing'ata moja moja, akazianika juu ya bati la banda la kuku. Watu wakanywa chai ya tangawizi wakizingojea jua lizipe nguvu. Alipozirudisha, wimbo ukaongeza mwendo.

"Sasa inachosha mbio mbio," Kabera akasema.

Wa pili ulifanana na wa kwanza. Wa tatu ulifanana na tangazo la sabuni. Kwenye wa nne Eustache alisinzia.

"Huyu anasema nini, mzee?" Umutoni akauliza kwa upole.

"Anasema... tuwe na subira."

"Hiyo hata sisi tumeisikia," akasema Kabera.

Mukashema, amesimama mlangoni na birika, aliona kola ya shati jipya imelowa jasho. Wimbo wa sita, ambao ndio wa mwisho, ukakatika. Kaseti ikabaki ikikwaruza tu. Sibomana alinyoosha mkono aizime, na hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka.

Hapakuwa na kinanda. Sauti tupu, ya chini, ikipanda polepole, na nyuma yake kitu kikigonga, ko, ko, ko. Eustache akaamka. Umutoni akaweka kikombe chini.

"Ehee!" Kabera akapiga paja. "Huyo ndiye bwana mkubwa wa Bombay! Kumbe alikuwa anatuficha!"

Sibomana akafumba macho, uso ukamrudia. "Anasema: mpenzi, nimekungoja kisimani tangu mvua ya kwanza. Anasema: hata kivuli chako nakifahamu."

Umutoni akafuta machozi.

Mukashema akaitambua. Ile ko, ko, ko ilikuwa mwiko wake kwenye ukingo wa sufuria. Sauti ilikuwa yake. Alizoea kuimba akisonga ugali, Kihindi cha kutunga, Kihindi cha puani tu, na siku moja binti yao Gaju, wa miaka minne, alikuwa amebonyeza kile kitufe chekundu cha kunasia sauti. Mukashema alikumbuka pia wimbo ule uliishia wapi.

"Baba Gaju, zima. Chai inapoa."

"Shiii, mama."

"Zima, nakuambia!"

"Muache muzee afasiri!" Kabera akafoka.

Mukashema akaweka birika chini, akaruka miguu ya Eustache, akaidaka redio. Kwa haraka alishika kile cha kuzungusha sauti, akakizungusha upande usio wake.

"GAJU! TOA MKONO KWENYE UNGA! NITAKUCHAPA NA MWIKO HUU!"

Kuku wakaruka. Gaju, aliyekuwa akicheza karibu na ukuta, akaficha mikono yote miwili mgongoni.

Kabera akajifuta mdomo taratibu. "Muzee Muhindi. Ule mstari wa mwisho, tufasirie."

Sibomana alimtazama mkewe, akatazama redio.

"Anasema," akajibu, "Gaju atoe mkono kwenye unga."

Ua ukalipuka. Kabera alicheka mpaka akashika ukuta. Sibomana alitazama viatu vyake, na Mukashema akatamani kaseti ile ingepotelea huko huko Bujumbura.

Umutoni ndiye ambaye hakucheka. "Mama Gaju, Jumamosi utaniimbia huo?"

"Mwanangu, ule hauna maneno. Ni makelele ya jikoni."

"Maneno mzee ametupa. Ya kisimani. Mimi nataka yale yale."

Watu wakamgeukia Sibomana, kama zamani.

"Afasiri tu," Kabera akasema, akijifuta machozi. "Safari hii hakuna Muhindi wa kumbishia."

"Na mwiko uje," akasema Eustache.

Gaju alilala wa kwanza, bado ana unga kwenye vidole. Adhana ya isha ilipokuwa ikimalizika, Sibomana alikuwa kitandani, shati lake jipya limetundikwa msumarini.

"Mama Gaju. Kwenye ule mstari wa pili ulikuwa unawaza nini?"

"Kwamba chumvi imeisha."

Kitanda kikatikisika kwa kicheko.

"Lakini kile kisima kilikuwa kizuri," Mukashema akamwambia.

"Kilikuwa kizuri, eeh?" Sibomana akalala na hilo mdomoni.

Mukashema akaurudia wimbo puani, taratibu, aone kama anaukumbuka wote, na kabla hajafika penye unga naye usingizi ukamchukua.