Maaskofu Wakae Nyumbani

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, Filbert alikuwa na duka la fotokopi karibu na stendi, na watu wenye shida za maofisini walijaa mlangoni kwake tangu asubuhi. Mambo yalimnyookea yote isipokuwa moja: hakuwahi kumfunga Mwalimu Heriel katika sataranji.

Walichezea barazani kwa Sadallah, muuza vitambaa. Heriel, mwalimu mstaafu wa Maisaka, alikuwa mshindi asiye na huruma. Filbert alikuwa na pupa. Mchezo ukianza tu, aliwatoa mbio maaskofu, zile kete mbili zinazokwenda kimshazari, na mzee akawanasa. Kisha mzee humwinua askofu aliyetekwa, waliopo wote wamwone. "Huyu kijana angekuwa na akili kidogo, tungecheza," husema. Watu walicheka. Filbert naye alicheka, halafu akaenda nyumbani kumfokea mkewe.

Ndipo mzee akapata kiharusi.

Alitoka hospitali akiburuta mguu, mkono mmoja umelegea, ulimi mzito, lakini sataranji aliiulizia kila siku. Jumamosi moja mkewe, Antonia, akamleta barazani akiwa amemshika mkono.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Filbert.

"Marahaba," mzee aliitikia kwa shida, huku akiupapasa ubao kwa furaha.

"Mchezo mmoja tu, Baba Edda," Antonia alimwambia Filbert. "Na uwe mfupi. Akikaza mawazo zaidi ya nusu saa, anapotea."

"Usiwe na wasiwasi, Mama Romani. Nenda sokoni kwa amani."

Maneno ya Antonia ndiyo yaliyompa wazo. Siku hiyo Filbert hakuwagusa maaskofu. Alisogeza askari hatua moja. Akasogeza mwingine, hatua moja vilevile. Farasi wake wawili akawaweka kimshazari mbele ya maaskofu, wakawazibia njia. Hakushambulia, hakukubali kubadilishana kete, na kila zamu yake ilipofika alishika kidevu na kufikiri muda mrefu jambo alilokwisha kuliamua. Askari wa pande zote wakabanana katikati ya ubao, pakawa hapapitiki.

"Unaogopa nini leo?" aliuliza mzee.

"Najifunza subira, mwalimu."

Sadallah, aliyekuwa akipima kitenge, alitupia ubao jicho, akaelewa. "Filbert, mpe mzee sare apumzike."

"Mzee hajaomba sare."

Jasho likaanza kumtoka Heriel. Aliuliza ni zamu ya nani. Akajibiwa. Akauliza tena. Mwishowe alishika farasi, akamswaga moja kwa moja mbele kama ngome.

"Farasi haendi hivyo," Filbert alisema kwa upole. "Na kete ukishaigusa, lazima uicheze. Ulitufundisha mwenyewe."

Mzee akamgeuzageuza farasi mkononi. Alikuwa amesahau farasi anavyoruka, na kila mtu pale barazani alikwisha kuliona hilo. Filbert alimwacha ahangaike. Aliisikia raha ikimpanda polepole kutoka tumboni, wala hakutaka iishe. Mkojo ulipoanza kudondoka chini ya kiti cha mzee, Sadallah aliinuka.

"Kaa," alisema Filbert. "Bado ni zamu yake."

Baadaye sana ndipo alipofungua njia na kumtoa askofu wa kwanza. Haikuchukua muda, mfalme wa mzee akakosa pa kukimbilia. Filbert alitazama huku na huku. Hakuna aliyecheka. Heriel alitabasamu, akamnyooshea mkono mshindi wake.

Sadallah alimfunika mzee magoti kwa kile kitenge. Antonia aliporudi, Sadallah alitaka kumweleza, lakini angesemaje mbele ya mumewe aliyekuwa na furaha kiasi kile? Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Jumamosi iliyofuata Filbert alikwenda nyumbani kwa mzee, Maisaka, ubao kwapani. Heriel alipomwona alijipigapiga paja kwa ule mkono mzima. Walicheza hadi jioni, maaskofu wa Filbert wakikaa nyumbani, na kila mchezo alimngoja mzee asahau kwanza ndipo amfunge.

Antonia aliwaletea chai na viazi vitamu.

"Wenzake wote wamemkimbia," alisema. "Umebaki wewe tu. Mungu akubariki, Baba Edda."

"Alinifundisha mengi," Filbert alijibu, akachagua kiazi kikubwa. "Jumamosi nitakuja mapema zaidi."