Pipa Tupu la Fundi Bati

Nesi alitundika shuka nzito dirishani, akatia pamba masikioni, akajifunika uso kwa khanga, na bado usingizi ulimkimbia. Tangu ahamishiwe zamu ya usiku, mchana ndio ulikuwa usiku wake, na mtaa mzima ulionekana umekula njama kumnyima. Mashine ya kusaga ilinguruma tangu asubuhi. Muuza sumu ya panya alipita na kipaza sauti, akiisifia sumu yake kama mama anayemnadi binti yake kwa wachumba. Baa ya jirani nayo ilijaribu spika zake kila siku, utadhani zinaweza kusahau kazi. Hayo yote aliyazoea. Lililomshinda ni pipa la fundi bati.

Banda la fundi lilikuwa pale njia inapogawanyika, chini ya dirisha lake kabisa. Alifua ndoo, makarai na mifereji ya paa, na ugongaji wake wa kawaida ulikuwa na mwendo wake, mtu angeweza kuulalia. Lakini kila mchana, jua likiwa la utosi, fundi aliweka kazi chini, akachukua nyundo kubwa na kulitwanga pipa tupu lililosimama kando ya njia. Mapigo matatu, kimya, matatu tena, mpaka Nesi akurupuke kitandani roho mkononi. Na pipa lenyewe halikuwa likitengenezwa. Lilikuwa lile lile wiki hadi wiki, na kutu yake ile ile. Sasa mtu anayetwanga pipa asilolitengeneza anatafuta nini, kama si ugomvi?

Aliwahi kushuka kumuuliza. Fundi akamtazama, akaitazama nyundo, akasema ni kazi tu, dada, nivumilie. Nesi akarudi juu akiwa amevimba kwa hasira.

Kisha likatokea la wodini. Alfajiri moja alijikuta ameinama juu ya mtoto wa kitanda cha mlangoni, mkononi ameshika sindano ya mgonjwa wa dirishani. Mwenzake alimdaka mkono sindano ikiwa imeshagusa ngozi. Mtoto hakudhurika, lakini Nesi alijifungia stoo ya mashuka akalia mpaka macho yakavimba. Alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi za mji, akiwa bado na sare yake, akamlalamikia fundi bati.

Kumbe sheria ndogo ya kelele ilikuwepo miaka yote, imelala usingizi mnono ambao yeye aliukosa. Siku chache baadaye akaja afisa kwa pikipiki, na kifaa cha kupimia sauti. Kila alipopita aliinua kidole mdomoni kabla hajasalimia, watu wakampa jina la Bwana Shii. Baa walimwonyesha kibali kilichotiwa fremu, akakipigia saluti kidogo na kupita. Kwa fundi bati hakukuta fremu wala kibali. Akamwambia ni marufuku kufua bati kwenye njia za makazi, kwamba mchana huo huo atapita tena kuhakikisha, na akimkuta anagonga, vifaa vyote vinapanda gari la mji.

Nesi aliyasikia yote hayo kutoka dirishani. Ilikuwa asubuhi, baba yake, aliyeishi naye, ameshatoka zamani. Alifunga dirisha, akajitupa kitandani na kusubiri raha yake.

Raha haikuja. Aligeukia ukuta, akageukia mlango, akaupiga mto, akaugeuza. Kimya kilimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima. Jua lilipofika utosini alijikuta amekaa kitako, masikio yamesimama, anasubiri pipa lile lile alilolishtaki. Halikulia. Ndipo alipokumbuka kwamba na mlango wa chini haujalia pia. Baba hajarudi kula.

Baba yake alikuwa dereva wa basi mstaafu, na mtaa wote ulimwita Dereva. Kila asubuhi alikwenda kwa kinyozi kusikiliza redio na kubishana kuhusu mpira, na mchana alirudi nyumbani. Siku hizi alikuwa akiangusha vikombe. Nesi alipomgusia habari ya kliniki ya macho, mzee aliwaka. Macho haya, alisema, yamevusha watu milima kwenye ukungu, leo yashindwe na kikombe? Na Nesi, mtu wa hospitali mzima, alikubali yaishe, kwa sababu alikuwa amechoka na kukubali ndiko kulikokuwa rahisi.

Aliteremka ngazi bila viatu. Nje, fundi alikuwa amesimama katikati ya njia, kiganja juu ya macho, anaangalia kule kwa kinyozi. Vifaa vyake vilikuwa vimefunikwa gunia.

"Umemwona baba?" Nesi aliuliza.

"Yule pale," fundi akasema. "Ukutani, kwenye duka lililofungwa. Amekwama."

Kweli, kwa mbali alionekana, mkono mmoja ukutani, mgongo umenyooka, kichwa kimeinama upande kidogo. Ungedhani anamsubiri mtu. Nesi alitaka kukimbia. Fundi akamzuia kwa kiganja.

"Haoni, dada. Karibu mwaka sasa. Aliniapisha nisikwambie."

Akamweleza kwa sauti ya chini, macho hayatoki kwa mzee. Kwenda hakumpi shida, ananyoosha tu mpaka ashike uzio, nao unamfikisha kwa kinyozi. Taabu ni kurudi, maana uzio ukiishia pale dukani hana cha kushika, na hapa njia inagawanyika, na asipojua pa kukunja anaishia barabara kubwa kwenye malori. Zamani fundi alimfuata akamshika mkono. Mzee akauchomoa, akasema hajafikia kuvutwa kama mkokoteni, na kesho yake akapita njia ya nyuma ili wasionane, akatumbukia mtaroni. Nesi akaukumbuka mguu wa baba uliochunika. Aliusafisha kwa mikono yake mwenyewe, akaambiwa ni ngazi ya kinyozi, akaamini.

"Ndiyo tukakubaliana pipa," fundi akamaliza. "Namwona anakuja, nagonga, anajua pa kukunja. Leo siwezi. Wakibeba vifaa, watoto wangu watakula nini?"

Hakumuuliza nani alishtaki. Huenda alijua. Nesi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kule mbele, baba yake aliuachia ukuta, akapiga hatua moja ya kupapasa, akarudi haraka kuushika.

Nesi alivuta gunia. Nyundo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akalitwanga pipa, mara tatu, akanyamaza, mara tatu tena. Madirisha yalifunguliwa. Mwenye baa alitoka akashika kiuno, eti yeye ndiye aliyeudhiwa. Nesi hakumjali, alitwanga huku machozi yakimtiririka hadi shingoni, na kule mbele kichwa cha mzee kikainuka. Akaanza kutembea, kifua mbele, mkono mfukoni, mtu asiye na shida na dunia.

Alipofika usawa wa banda alipunguza mwendo kama basi linaloingia kituoni. Nesi alishusha nyundo, akabana pumzi. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana.

"Fundi, leo umenichelewesha," mzee akaliambia pipa. "Na mkono wako leo vipi? Unagonga kama umegombana na mkeo."

"Nisamehe, mzee wangu," fundi akajibu nyuma ya Nesi. "Kuna jambo lilinibana."

"Haya. Lakini kesho punguza kidogo." Akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Binti yangu amelala pale juu. Anafanya kazi usiku, na mimi namwamsha kwa kelele zangu kila siku."

Akakunja kushoto, vidole vikipita juu ya ukuta wa nyumba yao, akaingia ndani.

Pikipiki ya Bwana Shii ilisikika ikipanda kutoka barabara kubwa. Fundi akanyoosha mkono haraka aifiche nyundo chini ya gunia. Nesi hakuitoa. Aliishika kwa mikono miwili, akajisogeza mbele ya banda, miguu mitupu kwenye vumbi la moto.

"Ingia ndani wewe," akamwambia fundi. "Aliyegonga ni mimi."