Tambi za Verediane

Jumapili asubuhi, siku moja baada ya ubatizo wa mjukuu wake, Verediane aliachwa peke yake nyumbani kwake Nengo, mtaa wa Rwanda ulio karibu na mpaka wa Goma. Mwanawe Gatete alimweka kwenye kiti cha barazani, akamwekea simu mapajani na chupa ya chai pembeni, kisha akachuchumaa mbele yake kama mtu anayeongea na mtoto.

"Mama, tunampeleka Sano ziwani kidogo. Jolly anataka apigwe picha na gauni lake la ubatizo. Tutarudi kula. Usiguse moto, na usiende bafuni bila fimbo. Tumeelewana?"

"Nendeni salama," alisema Verediane.

Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mdomo ulirudi kwanza, baadaye mguu, ukisaidiwa na fimbo. Mkono ndio uliobaki nyuma, na vidole vyake havikusikia kitu. Msimu wa mvua aliteleza bafuni, akalala sakafuni mpaka jirani aliposikia anaita. Tangu hapo Gatete, ambaye kazi yake iko Kigali, hakuwa na usingizi. Mwishowe akaamua: ubatizo ukiisha, mama anahamia kwake na nyumba ya Nengo inafungwa. Mchana wa siku hiyo wifi yake Verediane, Mukandutiye, dada wa marehemu mumewe, angevuka mpaka kutoka Goma pamoja na mumewe Latif, ili jambo hilo lisemwe mbele ya wakubwa wa familia. Mabegi ya Verediane yalikuwa yamekwisha fungwa, yamepangwa ukutani sebuleni. Hakuna aliyemuuliza. Walimwambia tu, kwa upole mwingi, na upole huo ulimkera kuliko ukali.

Gari lilipoishia kwenye kona, alisimama, akaenda jikoni.

Ndani ya beseni, chini ya sahani, kulikuwa na mabaki ya bata mzinga wa jana. Latif mwenyewe ndiye aliyemchinja, ili Waislamu na Wakristo wa ukoo ule wale chungu kimoja. Wageni walimaliza mapaja na kidari. Kilichobaki kilikuwa mgongo, shingo, mabawa na mbavu, na nyama nyingi bado imeng'ang'ania humo. Usiku Verediane alimsikia mkwewe Jolly akisema kwamba mifupa ile itapewa mbwa wa jirani. Lilimuuma. Miaka ya ukimbizi Karagwe, kabla hawajarudi Rwanda, mifupa ya kuku mmoja ilimlishia watoto siku nzima. Huko ndiko alikojifunza kukanda tambi za mayai na kuzipika katika supu ya mifupa, na Gatete alikua akizila kila Jumapili. Tangu kiharusi kimpate, hakuna aliyezionja.

Aliwasha makaa kwa mkono wa kushoto. Njiti kadhaa za kiberiti zilivunjika kabla moto haujashika. Mgongo wa bata haukuingia kwenye sufuria, basi akauweka juu ya meza, akaulalia kwa kiwiko kwa uzito wake wote, mpaka ukavunjika kwa kishindo. Aliucheka mlio ule, peke yake. Akajaza maji kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa sababu ndoo hakuiweza. Akatia kitunguu kizima, karoti, majani ya seleri na kipande cha tangawizi, akaacha vichemke taratibu.

Unga ndio uliomshinda. Kukanda aliweza, polepole, kwa mkono mmoja. Lakini kusukuma kunataka mikono miwili. Alichukua chupa tupu, akaufungia mkono wa kulia juu yake, kidole kimoja kimoja, akasukuma. Vidole vilifunguka. Chupa ikazunguka yenyewe, ikauvuta unga mpaka ukingoni, na vyote viwili vikaanguka chini. Chupa haikuvunjika. Unga ulilala sakafuni, umejaa vumbi la makaa.

Alikuwa bado anautazama pale Mukandutiye alipoingia kwa mlango wa uani, kitenge kimefungwa kiunoni. Alikuwa amemtangulia mumewe.

"Mama Gatete. We iko unafanya nini pa moto?"

"Karibu, wifi. Napika tambi."

Mukandutiye aliangalia sakafu, akaangalia sufuria, akaanza kukunja mikono ya blauzi. "Bon. Mi nitasukuma, we unikalie pale. Ni kitu ya haraka tu."

"Hapana."

"Mukono inakataa, Mama Gatete. We mwenyewe unaona."

"Nimeuona. Kaa wewe, wifi yangu. Ukisukuma wewe, zitakuwa tambi zako, na mimi jioni nitapanda gari la Kigali."

Mukandutiye hakuwa mtu wa kuambiwa kaa. Alikuwa akivuka mpaka na bidhaa zake kila siku, akibishana na kila aliyesimama mbele yake, na kwa kawaida alishinda.  Lakini safari hii alivuta kigoda, akakaa, akaweka mikono yake katikati ya magoti kama anayejizuia.

Verediane alivunja mayai mengine, akakanda upya, akafunika donge kwa kitambaa lipumzike. Wakati likipumzika alitoa mifupa kwenye supu, akaiacha ipoe, akaichambua nyama kwa vidole vya kushoto, akaikusanya bakulini. Mukandutiye alikuwa akimtazama, mara moja tu akainuka kuchochea makaa, akarudi kukaa.

Ndipo Verediane alipofikiri juu ya mgongo ule wa bata na jinsi alivyouvunja. Kiganja hakikufanya kazi, lakini bega lilifanya. Alinyunyiza unga mezani, akalaza chupa, na badala ya kuishika aliiwekea mkono wote juu, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, akasukuma kwa bega. Chupa ilizunguka chini ya mkono, ikaenda, ikarudi. Donge likawa mviringo mnene. Akaligeuza, akasukuma tena. Jasho lilimtoka puani. Donge likawa jembamba, likawa pana, likaifunika meza nusu.

Mukandutiye alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Inaenda," alisema polepole. "Iko inaenda, Mama Gatete."

Verediane aliacha kusukuma. Ncha za vidole vya kulia zilikuwa zimeangukia juu ya unga, na alikuwa akizikazia macho.

"Wifi, ninausikia."

"Unasikia nini?"

"Unga. Ninausikia ni laini."

Mukandutiye aligeukia dirisha, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Tambi alizikata kwa kisu, akikandamiza kwa bega lile lile. Nyingine zilikuwa nene kama kamba ya viatu, nyingine nyembamba, na hakuna iliyonyooka. Zilipotumbukia kwenye supu, harufu ya utoto wa Gatete ilitoka jikoni ikaenda mpaka getini, na huko ndiko ilikomkuta yeye akishuka garini na mtoto begani.

Walikula barazani. Latif alikuwa amefika, na kwa ajili yake na Mukandutiye waliongea Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani.  Latif aliinua bakuli akanywa mchuzi wa mwisho, akalisogeza mbele kuomba jingine. Jolly alikuwa akimlambisha Sano mchuzi kwa ncha ya kijiko.

"Shangazi, asante," Gatete alisema hatimaye. "Sikujua na wewe unazijua hizi tambi."

"Mi sikugusa kitu," alisema Mukandutiye. "Nilichochea makaa tu. Muulize mama yako."

Gatete alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesikia mzaha wa kumfurahisha mgonjwa. Verediane aliliona tabasamu lile. Alishika fimbo, akasimama.

"Njooni jikoni. Supu ipo, na nusu ya donge nimeibakiza. Latif bado ana njaa."

Walisimama mlangoni wote. Alinyunyiza unga, akalaza chupa, akaweka mkono. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, kwa sababu Mukandutiye alikuwa amesimama mbele yao, mikono kiunoni. Chupa ilienda na kurudi. Gatete alifuata kila mzunguko kwa macho. Mama yake alipoanza kukata, Gatete alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nilidhani ule mkono umekufa," alisema.

"Na mimi nilidhani hivyo. Lakini wewe ulikuwa unataka kuufungia ndani."

"Mama, nilikuwa naogopa. Ukianguka tena je?"

"Nitaanguka nikiwa kwangu. Tafuta fundi, aweke vyuma vya kushika pale bafuni. Na mtu wa kulala hapa usiku, sikatai. Lakini Kigali nitakuja kukutembelea, na nitaondoka siku nitakayotaka."

Gatete alimtazama Latif, kana kwamba anatafuta mkubwa wa kumtetea. Latif alijikuna kidevu.

"Mwanangu, mi nilikuja kutoa baraka," alisema. "Donc, basi, natoa. Mama abaki kwake."

"Basi, Mama," alisema Gatete. "Utabaki."

"Sikuwa naomba ruhusa," alisema Verediane, akamwaga tambi kwenye sufuria.

Jolly ndiye aliyebeba mabegi kuyarudisha chumbani. Aliporudi alimwomba mama mkwe wake amfundishe kukanda kabla hawajaondoka. Verediane akamwambia anawe mikono kwanza, na aweke pete yake mahali salama. Wakakanda pamoja, Jolly akiuliza kila kitu, Mukandutiye akikosoa kutoka kwenye kigoda.

Jioni, gari la Kigali lilipoondoka na wageni wa Goma wakapanda pikipiki kuelekea mpakani, Verediane alijipakulia bakuli lake la kwanza. Siku nzima alikuwa amewapakulia wengine. Alikipachika kijiko katika mkono wa kulia, akauinua. Nusu ya supu ilimwagika kifuani. Nusu nyingine ilifika mdomoni, ya moto, yenye tangawizi, na tambi moja nene isiyo na umbo. Aliitafuna polepole, akakichovya kijiko tena.